Gari Lililokunywa Mbege ya Wakwe

Juzi nilimwona fundi akimwaga manjano kwenye rejeta ili kuziba tundu, nikakumbuka harufu ya mbege ya moto, ile pombe ya ndizi na ulezi. Nilikuwa mtoto, tulikuwa tunapanda mlima kwenda Kibosho kumposea Baba Mdogo mke, gari lake kuukuu likachemka. Tulifuata matone, tukaona rejeta inavuja. Tulitafuta maji, lakini mfereji wa kando ya njia ulikuwa mkavu.

"Nikichelewa baba mkwe atanikatalia," Baba Mdogo alilalama, akamimina kwenye rejeta nusu ya dumu la mbege ya posa.

Leo najua ulezi wake ndio ulioziba tundu. Siku ile niliamini gari limelewa. Kila kona nilishikilia kiti.

"Mbona dumu nusu?" aliuliza baba wa mchumba tulipofika.

Baba Mdogo akaligeukia gari.

"Shikamoo babu. Gari limekunywa," nikasema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Anayenywesha gari hatamnyima mwanangu. Ingieni."