Paka wa Bohari ya Mahindi ya Njano

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Jaha Mahadhi amechuchumaa nyuma ya bohari ya mahindi mjini Malindi, anachambua vichwa vya samaki vilivyochemshwa. Kila mnofu anaubonyeza kwa vidole viwili kutafuta mwiba. Paka watatu waliokonda wanamzunguka, wanalia bila kukoma.

"Subirini," anawaambia. "Mwenzenu aliuawa na pupa."

Si vitoto tena, wala hawajawa paka wazima. Wana miezi mitano au sita, miguu mirefu, kichwa kidogo.

"Hawa ni wari," asema Bi Jaha. "Umri huu mwili unakua kila siku. Amekula adhuhuri, alasiri analia tena. Ukimnyima sasa, hata umlishe vipi baadaye, hawi paka wa kukamata panya."

Bi Jaha ni mjane wa miaka arubaini na sita. Huu ni mwaka wake wa tisa akifagia bohari hii, kwa mshahara wa shilingi mia nne na themanini kwa mwezi. Kulisha paka si kazi aliyoandikiwa. Aliiomba mwenyewe Januari mwaka huu wa 1985, wiki moja baada ya mazishi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake.

Mwaka jana mvua ilikosekana na mashamba ya bara ya Kilifi yakakauka. Mahindi ya njano yalipoletwa kutoka ng'ambo, bohari ilijaa hadi karibu na paa, na panya nao wakaja. Mwenye bohari, ambaye hakutaka kutajwa hapa, akaagiza sumu. Ilichanganywa na unga, ikamwagwa kati ya magunia.

Paka sita wa zamani walikula panya waliokufa. Katika siku nne hakubaki hata mmoja.

Wapagazi wa hapa huruhusiwa kuchukua punje zilizomwagika sakafuni. Baya Kiponda, mmoja wao, alipeleka nyumbani kibaba kimoja. Binti yake wa miaka mitatu, Kadzo, alitafuna punje mbichi kabla mamake hajaziosha. Siku ya pili akafariki.

"Nilizifagia mimi," asema Bi Jaha. Vidole vyake vinatulia ndani ya sufuria. "Nilizikusanya kwa mikono hii, nikamwambia, Baya, chukua, wanao wapate kula. Hakuna aliyeniambia kuwa sumu imefika upande ule."

Alimwendea msimamizi, Bwana Musyoka, akamwomba paka mahali pa sumu. Mwenye mali alikubali, ila kwa sharti: magunia yakiendelea kutobolewa hadi mwisho wa Machi, sumu itarudi.

Bi Jaha akaokota paka watano sokoni, wa kufukuzwa na kupigwa mateke. Bwana Musyoka akakataza wasilishwe.

"Paka mwenye njaa ndiye anayewinda," msimamizi huyo alimwambia mwandishi huyu, akiwa amesimama kando ya mizani. "Ukimshibisha, analala."

Wiki ile ya kwanza hawakulishwa, na hawakuwinda. Waliyumba tu. Panya wa bohari, walionenepa kwa mahindi, waliwazidi nguvu. Paka mmoja aling'atwa shingoni akafa, na msimamizi akalegeza amri yake.

Kwa huruma, Bi Jaha akawaletea maziwa na matumbo mabichi ya samaki, sahani tele. Mmoja alikula mpaka akaanguka. Alitapika na kuharisha mchana kutwa, na jioni akafa.

"Nilidhani nimemfanyia hisani," asema. "Kumbe tumbo lililokaa na njaa halijazwi kwa mara moja."

Ni bwana mifugo aliyekuwa akipita ndiye aliyemfundisha: chakula kidogo kidogo mara nne kwa siku, samaki apikwe na atolewe miba, ugali laini kidogo tu, kwani paka hawezi kuishi kwa ugali, asitie chumvi wala pilipili, maji badala ya maziwa, na maini ya mbuzi yakipatikana.

Vichwa vya samaki huletwa na Baya.

Baada ya mazishi, mpagazi huyo alikaa mwezi mzima bila kumsemesha Bi Jaha. Kisha asubuhi moja akatua ndoo miguuni pake, akaenda zake bila salamu. Kesho yake akaleta tena.

Alipoulizwa sababu, Baya hakuacha kupanga magunia. "Sumu isirudi," alisema. "Basi."

Lakini hiyo sufuria ina aibu yake. Mwezi uliopita Dorcas Garama, aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, alikuwa kwenye foleni ya mahindi alipomwona Bi Jaha akipakua.

"Mamangu, hao paka wanakula samaki?" aliuliza.

"Ni wa bohari, mwanangu."

"Wangu hajaonja samaki tangu Krismasi."

Bi Jaha alimmiminia minofu yote kwenye kopo lake. Siku hiyo paka walipata ugali na mchuzi.

"Sikuweza kumtazama usoni," asema. "Tangu siku ile nawalishia huku nyuma, najificha kama mwizi. Ningemweleza nini? Kwamba nawalisha paka ili mtoto mwingine asife? Wake alikuwa analia pale pale."

Januari, magunia arubaini yalitobolewa katika wiki moja. Wiki iliyopita yalikuwa kumi na moja. Bwana Musyoka hakatai kuwa panya wamepungua, lakini anasema mwenye mali hataki hata tundu moja, na Machi imebakiza siku kumi na mbili.

Bi Jaha ataomba aongezewe miezi miwili, paka wapevuke. Mmoja wa hao watatu, jike, asema, tayari anakamata panya mmoja au wawili kwa siku.

Na wakikataa?

Ananawa mikono, anaifuta kwa leso yake.

"Nitasimama pale mlangoni. Kila atakayetoka na punje mkononi nitamwambia zimetiwa nini. Wakitaka, wanifukuze. Mara ile sikujua. Safari hii najua."