Jiwe la Bibi Bodil

Uongo ulisomwa kabla hata ya chakula. Thayne alisimama mbele ya ukumbi wa kanisa, tai imemkaba shingo, akausomea ukoo mzima wa Skovby, uliokutana siku hiyo, habari za Bibi Bodil, mama wa ukoo huo: mwanamke mpole, mcha Mungu, aliyevuka bahari kutoka Denmaki kwa ajili ya imani, akalea watoto, akatoa mayai yake ya Jumapili ili hekalu la kanisa lao huko Sanpete lijengwe, "na katika maisha yake yote hakuwahi kulalamika." Hayo maneno ya mwisho, akasema, ndiyo yatakayochongwa kwenye jiwe jipya la kaburi lake. Fundi anaanza kazi Jumatatu.

Arvilla nusura apaliwe na juisi. Alikuwa na miaka sitini na ushei, shangazi yake Thayne, na katika wajukuu wote wa Bodil ni yeye peke yake aliyelelewa na bibi huyo nyumbani kwake. Hakuwahi kulalamika? Bodil? Mwanamke aliyekuwa akigombana na Mungu kwa sauti kwenye banda la kuku kila asubuhi, mpaka kuku wakazoea?

Ya mayai ni kweli. Kuku wa Bodil wakitaga Jumapili, mayai hayo hayakuwa yake tena. Yalikuwa ya hekalu, na hata nyumbani pakiwa hakuna kitu hakuyagusa. Hekalu lilipokwisha kujengwa, akaendelea kuyapeleka kwa askofu awagawie wajane. Kusali alisali, kufunga alifunga, na kahawa, iliyokatazwa na kanisa lao, hakuionja maisha yake yote. Lakini kuamini ni kitu kimoja na kufunga mdomo ni kingine, na wanaume wa ukoo ule walipenda sana kuvichanganya.

Alikuwa bado msichana alipoolewa mke wa pili na Jens Peder Skovby. Kanisa lao wakati ule liliruhusu, lakini sheria ilikataza, na askari wa serikali wakaanza kuwasaka wanaume wenye wake wengi na kuwatia ndani. Mke mkubwa akabaki kwenye nyumba ya mawe na jina la mume. Bodil alipakiwa kwenye gari la farasi na mwanawe mdogo, Aksel, akapelekwa kijiji cha mbali ili mume asikamatwe, akaambiwa kuanzia leo wewe ni mjane na unaitwa Larsen. Aksel naye akafundishwa: ukiulizwa baba yako ni nani, sema amekufa.

Mtoto alishika somo. Siku moja Jens Peder alikuja kwa kujificha kuwaona, pipi mfukoni. Aksel alimtazama usoni, akamwambia, "Baba yangu amekufa." Jens Peder akacheka, akampigapiga begani na kumsifu kwa akili. Bodil hakucheka.

Majira yale yale ya baridi ugonjwa wa dondakoo ukamchukua Aksel. Alizikwa huko huko, chini ya kibao cha mbao kilichoandikwa Aksel Larsen. Baba yake hakwenda kuzika, maana angekamatwa.

Msako ulipokwisha na Bodil akarudi, alitaka jambo moja tu.

"Jens Peder, mwanao amelala kwa jina la mtu asiyekuwepo duniani. Mrudishie jina lake."

"Bodil, hayo yamepita. Nikiliandika jina langu pale, watu watasema nilimkana mwanangu."

"Kwani hukumkana?"

Jens Peder akachukua kofia, akaenda kutazama ng'ombe. Bodil akamwendea askofu. Askofu akamwambia avumilie, mtoto atampata mbinguni.

"Mbinguni najua nitampata, ndugu askofu," Bodil alimjibu. "Nauliza habari za hapa."

Hapa hakupewa kitu. Kibao kikaoza, na mtu mwingine akapanda pale pale majani ya ng'ombe. Hasira ya Bodil haikuoza. Katika kanisa lao, Jumapili ya kwanza ya mwezi watu hufunga, na hakuna mhubiri. Anayetaka huinuka akatoa ushuhuda wake, na wenzake huitikia amina, ndiyo kukubali kwao. Basi Bodil akawa anainuka. Arvilla alikuwa akikaa pembeni yake, tumbo likinguruma, na mpaka leo anayo maneno yale kichwani.

"Najua Mungu yu hai. Najua injili hii ni ya kweli. Na najua nina mtoto, anaitwa Aksel Skovby, na baba yake hakumzika. Katika jina la Yesu Kristo, amina."

"Amina," kanisa zima liliitikia, kwa sababu ndivyo walivyozoea, kisha watu wakaanza kutazama dari. Mwezi uliofuata akainuka tena. Alizeeka akiinuka. Na leo huyu Thayne anamfanya kondoo!

Arvilla alimfuata kwenye meza ya viazi vya jibini.

"Thayne, hilo neno lako lifute. Weka jina la Aksel."

"Shangazi jamani, hata sijala! Huyo mtoto hata kaburi lake halijulikani."

"Ndiyo maana nataka jina lake liwe kwenye jiwe la mama yake."

"Watu watauliza maswali. Tunataka kitu cha kujenga imani."

"Imani ya nani? Ya Bodil ilisimama wima bila lipu yako."

Thayne akajipakulia viazi. "Shangazi, una hasira kama yeye."

"Ahaa! Kumbe unajua alikuwa na hasira."

Thayne akageukia chakula, na Arvilla hakula. Wamemnyang'anya Bodil mtoto, sasa wanamnyang'anya na kilio chenyewe, tena kwa tabasamu, tena kwa sahani ya viazi mkononi!

Watu walipokwisha shiba, Thayne alirudi kwenye kipaza sauti. "Kabla ya sala ya kufunga, kama kuna ndugu au dada mwenye neno la ushuhuda..."

Arvilla alikuwa amekwisha simama.

"Najua Mungu yu hai," alisema. "Najua injili hii ni ya kweli, kwa sababu Bibi Bodil aliniambia, na yeye hakuwa mwongo. Na najua Aksel Skovby ni mtoto wa Bodil na Jens Peder, na jina lake litachongwa kwenye jiwe la mama yake, na lile neno la kutolalamika halitachongwa. Katika jina la Yesu Kristo, amina."

"Amina," ukumbi mzima uliitikia. Sauti ya Thayne ilizipita zote, maana kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwake.

Uso ukamwiva. "Umetutega, shangazi."

"Nimetoa ushuhuda, na wewe umeuitikia. Kalamu hiyo mfukoni mwako." Arvilla alisogea mpaka kwenye bega lake. "Aksel Skovby. Andika nikiona."