Kaburi la Baba na Swali la Nyongeza

Kazi yangu ni kuandika majibu yanayosomwa na mtu mwingine. Mbunge akiuliza swali linalohusu mazingira, swali lile hufika wizarani kwetu likiwa na namba, na mimi ni mmoja wa maofisa wachache wanaopiga simu wilayani, wanaokusanya taarifa na kuandaa rasimu. Rasimu hupanda ngazi, hukatwa hapa, huongezwa pale, mpaka asubuhi moja waziri anasimama, anavaa miwani na kuisoma. Sisi tulioiandika tunakuwa tumekaa juu, kwenye viti vya wataalamu, na vikaratasi mkononi, kwa sababu mbunge ana haki ya maswali ya nyongeza na waziri hawezi kujua kila kitu.

Katika Bunge moja la bajeti niliwekewa mezani swali lililouliza ni lini Serikali italidhibiti korongo lililokata barabara na kutishia makazi ya watu katika kijiji kimoja cha upande wa Busi, wilayani Kondoa. Nilisoma jina la kijiji mara mbili. Ndiko nilikozaliwa. Nyumba ya mama yangu ilikuwa jirani na ukingo wa korongo hilo, na kati ya nyumba na ukingo palikuwa na shamba dogo la uwele, na mwisho wa shamba lile, kwenye ua wa minyaa, ndipo tulipomzika baba.

Nikiwa mdogo tulikuwa tunalivuka korongo lile kwa kuruka. Sasa watu walichonga ngazi kwenye udongo ili washuke na kupanda, na mgonjwa aliyetaka kupelekwa zahanati alibebwa mgongoni.

Nilifungua jalada nikakuta swali lenyewe si geni. Watu wa barabara na uchukuzi waliwahi kuulizwa, wakajibu kwamba barabara ile ni ya halmashauri. Watu wa serikali za mitaa wakaulizwa, wakajibu kwamba halmashauri itaitengeneza mara wataalamu wa mazingira watakapokuwa wamelidhibiti korongo. Kila jibu lilikuwa la kweli. Sasa zamu ilikuwa yetu.

Nilikwenda kwa bosi wangu, mama mmoja mtu mzima aliyekaribia kustaafu, nikamwambia kwamba hapo ni nyumbani kwetu, pengine swali apewe mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi wewe unalijua vizuri kuliko sisi. Andika."

Nikaandika. Nadhani sijawahi kuandika kitu ofisini kwa moyo kama ule. Nilieleza mahali maji yanapoanzia, yanavyoshuka kutoka mlimani mvua za kwanza zinapopiga ardhi iliyo tupu, na nikaeleza kinachohitajika: kuta za mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, katani na nyasi za kushika udongo, mifugo kuzuiwa kwa muda mlimani. Nikaandika kwamba kuna makaburi yamekwisha kuliwa na mengine yamebakiza hatua chache.

Rasimu ilirudi na wino mwekundu tangu juu mpaka chini. Bosi wangu aliniita akaniketisha. Alisema kwamba mbele ya Bunge neno lolote la waziri linaandikwa na kufuatiliwa, na kazi hiyo haikuwemo kwenye mpango wa mwaka ule wala wa mwaka unaofuata, kwa hiyo tukiandika kinachohitajika tutakuwa tumeahidi. Nikamuuliza tuandike nini basi. Alinionyesha jibu la zamani la korongo la mkoa mwingine. Nikarudi kwenye meza yangu, na kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika kwamba Serikali inatambua changamoto hiyo, kwamba tathmini itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana, na kwamba Serikali itaendelea kutoa elimu kwa wananchi kuhusu athari za kulima kwenye miteremko.

Mama yangu hajawahi kulima kwenye mteremko. Katani zote zilizokuwa ukingoni pale alizipanda yeye.

Siku ya kujibu nilitoka nyumbani kwangu Chang'ombe ya hapa Dodoma mapema nikiwa nimevaa suti yangu moja. Swali letu lilikuja katikati ya kipindi. Waziri alisoma vizuri, bila kukwama. Mbunge akasimama, akamshukuru Spika, akasema kwamba pamoja na majibu mazuri ya Serikali ana maswali mawili ya nyongeza. Kwanza alitaka kujua, kati ya wizara tatu zilizokwisha kujibu swali lile, ni ipi hasa yenye korongo. Watu wakacheka. Pili, kwa kuwa wananchi wake sasa wanatazama makaburi ya wazazi wao yakiporomoka, je, waziri yuko tayari kuongozana naye akajionee kwa macho yake?

Waziri aligeuza shingo akatazama juu, kwetu. Bosi wangu alikuwa ameinama anatafuta jalada la kujibu swali la kwanza. Mimi nilikuwa na kikaratasi tayari. Niliandika: *Yuko tayari, mara baada ya Bunge hili.* Sikumuuliza mtu. Nilifikiri akifika tu, akisimama pale kwenye ukingo akatazama chini, hataweza kurudi Dodoma akaacha mambo kama yalivyo. Bosi wangu alikisoma kile kikaratasi, akanitazama, na kwa kuwa muda haukuwepo akakiachia, mhudumu akakishusha kwa waziri.

"Mheshimiwa Spika," waziri alisema, "nipo tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge mara baada ya Bunge hili." Wabunge wakapiga meza.

Mama alisikia redioni. Alinipigia mchana huohuo, na alikuwa anaongea Kirangi haraka haraka kama anavyofanya akiwa na furaha. Aliniuliza elimu kwa wananchi ni kitu gani, nikamwambia ni semina. Aliniuliza kama nilikuwemo humo ndani wakati waziri anasema anakuja. Nikasema nilikuwemo.

Kijijini walijiandaa. Dada yangu mkubwa, anayeishi na mama, alinisimulia kwamba vijana walifyeka njia upande wa pili ili magari yafike hadi ukingoni, na mama alipaka kuta za nyumba udongo mweupe. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonikosesha amani. Kabla ya swali lile, dada alikuwa amezungumza na imamu wa kijiji kuhusu kaburi la baba, na imamu alikubali kwamba, kwa kuwa maji yanalitishia, wanaweza kulihamisha kabla mvua hazijakaribia. Siku ilikuwa imepangwa. Sasa mama alikataa. Alisema waziri akija akute nini? Akikuta limehamishwa atasema hakuna shida.

Nilimpigia nikamsihi wahamishe. Nikamwambia ukingo wenyewe unatosha kuonekana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Amesema haji?"

Sikuweza kusema haji. Ofisini nilikuwa nimeandika dokezo la kuomba safari ipangwe, nikalifuatilia mlango kwa mlango. Safari iliwekwa kwenye ratiba mwezi wa saba, ikaahirishwa kwa sababu ya mkutano nje ya nchi. Ikawekwa tena mwezi wa tisa, lakini wiki hiyo waziri alitakiwa kwenye upandaji miti mkoa mwingine. Mwezi wa kumi tulisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Baraza la Mawaziri limebadilishwa, na waziri wetu amehamia wizara nyingine. Nilimtafuta katibu wake, kijana mwenye adabu, akaniambia kwamba ahadi ni ya wizara, siyo ya mtu, kwa hiyo niiandike upya kwa waziri mpya. Nikaiandika upya.

Kila nilipopiga simu nyumbani nilimwambia mama bado inashughulikiwa. Ningeweza kusema haji. Ingetosha kusema hivyo, dada angewaita watu wa msikitini kesho yake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu ninalolipata ni kwamba mimi mwenyewe bado nilikuwa namsubiri.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Desemba, mchana. Dada alinipigia jioni. Alisema ukingo umeondoka pamoja na minyaa na kipande cha shamba.

Nilichukua basi la asubuhi hadi Kondoa, kisha bodaboda, kisha nikashuka ngazi za udongo kwa miguu na kupanda upande wa pili. Mama alikuwa amekaa kibarazani. Nikakaa kando yake nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. Ukingo ulikuwa umesogea kiasi kwamba kutoka pale kibarazani niliweza kuuona bila kunyanyuka.

Maji yalikuwa yamepungua. Wanaume wa msikitini walikuwa wameshashuka kwenye mchanga wa chini tangu asubuhi, nikawafuata. Tulitafuta siku mbili. Sitaeleza tulichokipata, isipokuwa kwamba hakikuwa chote, na imamu alisema kinatosha. Tulikizika karibu na msikiti, juu kabisa, mahali penye mawe. Wazee wawili walinishika mkono wakanipa pole, na mmoja aliniuliza kwa upole, kwa kuwa nafanya kazi serikalini, kama ninajua waziri alipatwa na nini. Nikamwambia amehamishwa wizara. Akasema hayo ndiyo maisha ya kazi.

Siku ya tatu nilimweleza mama. Alikuwa anapepeta uwele, dada ameenda kuchota maji. Nilimwambia kwamba yale maneno aliyoyasikia redioni niliyaandika mimi, yale ya elimu na yale ya kuja. Nikamweleza kuhusu kikaratasi. Nilisema kwa Kirangi, na katikati nilishindwa kupata neno la kikaratasi cha kumpelekea waziri, nikaonyesha kwa vidole.

Aliacha kupepeta. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama watu wa ofisini wakijua watanifukuza. Nikasema hapana, bosi wangu alikiona. Akaokota punje zilizodondoka nje ya ungo, kisha akauliza:

"Na wewe ulifikiri atakuja?"

"Nilifikiri."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa asiyemfahamu sana, akaurudia ungo wake. Sikujua kama amenisamehe au ameona hakuna cha kusamehe. Nilitamani aseme neno, hata la ukali. Badala yake alinieleza kwamba uongozi wa kijiji umewapa kiwanja kitongoji cha juu, na kwamba matofali wataanza kufyatua mvua zikiisha, kama nyumba itakuwa imesimama mpaka hapo. Shamba hawakupewa. Nikamuuliza atalima wapi. Akasema hajui.

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka zilipoanza ngazi. Udongo ulikuwa bado mbichi na mtu wa bodaboda alikuwa ananingoja ng'ambo. Mama alisimama mbali kidogo na ukingo, mikono ameifunga kwenye kanga, akaniambia nishuke polepole, na nikifika Kondoa nimpigie.