Chambo Kilichozidi Kung'aa

Siku Bubu alipomtia machoni kwa mara ya kwanza, mzee yule alikuwa akiizunguka boti iliyopandishwa nchi kavu, mikono nyuma, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Mnarambaza na hii?" aliuliza bila kusimama.

Bubu, mshika usukani, aliitikia kwa kichwa. Kila alfajiri walitembeza boti polepole na kuikokota mishipi nyuma yake. Bubu hakuwa bubu. Neno lilimfika mdomoni, likageuka na kurudi lilikotoka.

"Kwa chambo kipi?"

Bubu akamwonyesha. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hiki samaki atakionaje kabla ya jua, mwanangu? Labda umpelekee na miwani."

Wiki hiyohiyo alipanda botini, na wenzao wakamwita Kiguu, kwa maana ya kiguu na njia. Alikuwa fundi saa aliyekwishahama miji sita, na kazi iliyomzeesha ilikuwa kupaka mishale ya saa rangi ya kung'aa gizani. Rangi ileile sasa aliwapaka ngisi wa plastiki wenye ndoano tumboni. Kabla ya kuwatupa majini aliwamulika kwa tochi, akihesabu mpaka ishirini, ili wanywe mwanga.

"Kisimchome samaki macho," alifundisha huku akipita mbele na nyuma ya boti, wenzake wakikunja miguu asiikanyage. "Kimwite tu. Kama kaa la moto ndani ya majivu."

Msimu ule wa kwanza nguru waliitika. Msimu wa pili wakanyamaza.

Boti ilikuwa ya shangazi yake Bubu, mama asiyezunguka mbuyu. "Huyo mzee wako anavua au anatalii?" alimuuliza. "Ijumaa ikipita bila nguru, ashuke. Sina boti ya kupungia upepo."

Bubu alikosa usingizi. Kiguu asiye na boti angekwenda wapi, na miguu ile imeshachoka? Jumatatu mchana alimfuata chumbani kwake. Alimkuta anapapasa meza akitafuta kiberiti, na kiberiti kiko mbele yake, karibu na kikombe.

"Njoo huku, tukipime." Kiguu aliwafunika wote wawili kwa blanketi, chambo kipya katikati yao. "Unakiona?"

Bubu alikiona. Aliona pia mistari ya kiganja cha mzee, kucha zake, hata mvi za kidevuni, zote kijani.

"Bado kimefifia," Kiguu akasema. "Nitaongeza mkono mmoja wa rangi. Au wewe unaonaje?"

Hapo Bubu akaelewa kinachowafukuza nguru. Kilichofifia kilikuwa macho ya mzee. Jibu likamjia mpaka kwenye meno.

"Sawa tu, mzee."

Jumanne wakarudi mikono mitupu. Jumatano vilevile. Alhamisi Kiguu hakukaa hata dakika moja. Alifungua mikebe, akaifunga, akamlaumu mwendesha mashine, akaulaumu mwezi. Bubu alikaza macho kwenye usukani.

Ijumaa, kabla anga halijapauka, Kiguu aliwasha tochi. Ishirini ikapita. Thelathini. Arobaini.

"Zima," Bubu akasema.

Wote wakageuka, maana hawakuizoea sauti ile.

"Nini?"

"Zima tochi, mzee. Chambo kinawaka kama taa ya gari. Tangu Jumatatu nimeliona hilo. Ni macho yako."

Kiguu aliizima tochi. Kisha akajikalia juu ya mkebe, akamnyooshea Bubu tochi ile.

"Haya. Wewe mwenye macho."

Bubu alichukua chambo cha zamani, chenye mkono mmoja wa rangi. Akakimulika akihesabu mpaka nane, akakifumba kiganjani, akachungulia kati ya vidole: kaa ndani ya majivu. Akakitupa. Boti haijamaliza kukata kona, mshipi ukalia. Walipandisha nguru wawili kabla jua halijatoka, na wa tatu akakata uzi.

Shangazi aliwatazama samaki, kisha akamtazama Kiguu. "Kaa basi," akasema.

Lakini Kiguu hakukaa. Jumapili binti yake alikuja kumchukua ampeleke kwa daktari wa macho, kisha akaishi naye huko mbali. Mikebe ya rangi alimwachia Bubu, yote, hata ile iliyokauka. Gari lilipokuwa linasubiri, alishuka mara mbili: mara kufuata kofia, mara hakuna kitu, kushuka tu. Bubu alimfungulia mlango kila mara.

Mzee akateremsha kioo.

"Ungeniambia Jumatatu, ningekutukana Jumatatu, na wiki nzima tungekula samaki."