Siku Bamba Langu Lilipokunjwa

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha mageti kule Nechells, Uingereza, nilipewa ufagio. Msimamizi wa zamu, Bwana Derek Hollins, alinionyesha pa kufagia, akasema, "Na usiangalie ule mwanga, bab." Bab ndivyo watu wa Birmingham wanavyomwita mtu kwa upole, hata awe bibi. Mimi nikaangalia. Jioni macho yaliwasha kama yametiwa mchanga, lakini nilikuwa nimekwisha kuona: vyuma viwili vinayeyuka, vinashikana, vinakuwa kimoja. Tangu kwetu Uvira, Kongo, hadi kambi ya wakimbizi sikuwahi kuona ajabu kama ile.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilifagia, nikapaka rangi chini ya Bi. Maureen Tulley, kisha nikafunga mizigo chini ya Bwana Gurdev Sahota. Ndiye aliyenikuta nimesimama tena mlangoni kwa wachomeleaji.

"Mama Neema, unataka kuangalia au kufanya?"

"Kufanya."

Akaniandikisha chuo cha ufundi, siku moja kwa juma. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na shule niliiachia darasa la nne.

Mwalimu Clive Pardoe alitufundisha kwa sikio. Moto ukienda sawa, alisema, unalia kama nyama inayokaangwa; ukianza kutemeatemea, mkono wako uko mbali. Hilo halikuhitaji kusoma. Nyuma ya kioo cheusi cha kofia unaona kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kidogo kama ukucha, kinakufuata unakotaka. Mungu wangu! Chuma, kinanifuata mimi!

Siku ya mtihani akaja mkaguzi kutoka nje, Bi. Pauline Straker. Bwana Sahota alikuwa ameniambia wazi: nikishinda, Jumatatu ninahamia kwa wachomeleaji, nikishindwa, nafasi anapewa mwingine. Nikaunganisha bamba langu vizuri. Halafu, kabla mkaguzi hajafika mezani kwangu, nikachukua mashine ya kusaga, nikaulainisha mshono, pale vyuma vilipoungana, mpaka ukang'aa. Kwetu humpi mgeni kitu chenye makunyanzi.

Josphat Mutiso, kijana Mkenya wa meza ya pili, akacheka. "Mama Neema! Kwani tumekuja kupiga pasi?"

"Nyamaza, weye. Chako kiko kama mgongo wa mamba."

Bi. Pauline akatazama, akaweka kalamu chini. "Mshono uko wapi?"

"Nimeusafisha, Madam."

"Umeufuta. Ninatakiwa niuone kwanza ulivyotoka mkononi mwako. Kusaga ni baadaye."

Josphat hakucheka tena. "Madam," akasema, "muda wake si bado?"

Bi. Pauline akatazama saa. "Zimebaki dakika arobaini. Na bamba ni moja tu lililobaki."

Nilivaa kofia, nikasikiliza nyama ikikaangwa, sikuwaza Jumatatu. Mshono ulitoka na mawimbi yake, mengine makubwa, mengine madogo. Sikuugusa. Bi. Pauline akaukagua, akakubali, akakata kipande, akakisaga yeye mwenyewe, akakitia katika shinikizo, mashine ya kukunja chuma. Kama ndani kuna uongo, pale panapasuka kama mdomo. Chuma kikaanza kuinama polepole, kikainama, kikawa kama kiatu cha farasi. Akapitisha kidole gumba juu ya mkunjo.

"Hakuna ufa," akasema. "Tia sahihi hapa."

Karatasi zote nilizotia sahihi Uingereza kabla ya ile ziliuliza nilikimbia nini. Ile ilisema ninachoweza. Josphat alipiga vigelegele mpaka Mwalimu Pardoe akamkemea.

Nilichomelea mpaka magoti yakakataa. Sasa nimestaafu, ninakaa Erdington, na bado sijazoea. Nikishika reli ya ngazi pale stesheni, kidole kinakwenda chenyewe kwenye kiungo cha vyuma.

"Bibi, kamoni, treni inakuja!" ananiambia mjukuu wangu Grace.

"Ngoja kidogo. Tazama: hapa fundi alisimama akabadilisha kijiti cha kuchomelea. Na hapa, ona, akaendelea."