Mwisho Alioubadili Mfasiri

Kwa miaka mingi mtu huyu aliishi kwa sauti yake. Alikaa kwenye kiti cha chuma pembeni mwa pazia jeupe, kipaza sauti mkononi, akizigeuza kwa Kiswahili filamu za kauboi ambazo lugha yake watazamaji hawakuielewa. Kila mtu alimwita Mfasiri, hata mama yake mzazi alipofika ukumbini kumwulizia. Akisema kwa niaba ya jambazi, sauti yake ilikwaruza. Akisema kwa niaba ya binti, ililainika. Na farasi walipokawia kufika, alisimulia ukoo wa farasi hao mpaka watu wakavunjika mbavu.

Nyuma ya ukuta wa mbao, binti wa mwenye ukumbi aliuza tiketi. Baba yake alikuwa amempiga marufuku kutia mguu ndani, kwa kuwa, alisema, mwanamke wa nyumba yake hakai gizani na wanaume wasiojulikana kwao. Hivyo binti alizisikia filamu zote wala hakuiona hata moja. Alichojua kuhusu jangwa, bastola na busu alikijua kwa kinywa cha Mfasiri.

Mapenzi yao yakaanzia hapo. Kijana wa kwenye filamu akimwambia mpenzi wake maneno matatu, Mfasiri alisema saba, na yale manne ya ziada yalipenya mbao. Siku moja alipopita dirishani, binti alimwambia bila kuinua macho, "Yule kauboi wa jana ana maneno mengi kuliko mdomo wake."

Mwenye ukumbi hakuwa mjinga. Alimwita Mfasiri ofisini, akamweleza kwamba wazazi wa mtaani wananung'unika, na kwamba kuanzia leo kila binti wa kwenye filamu anayetoroka na mwanamume asiyetakiwa na baba yake atarudi nyumbani, walau kwa maneno. "Picha haina mdomo," alisema. "Mdomo ni wewe, na wewe ni mtu wangu." Mfasiri akaitikia naam. Mwezi uleule muuza saruji wa mtaa wa pili alipeleka posa, ikapokelewa.

Ndipo wale wawili walipopanga. Jumamosi, onyesho la saa tisa alasiri, ingeonyeshwa filamu ya binti wa mwenye ranchi aliyempenda mchunga ng'ombe wa ukoo wa maadui. Binti angekaa kwenye kibanda cha tiketi, mfuko wake wa safari chini ya kigoda.

"Ukiusema mwisho wenyewe, nitajua umeamua," alimwambia. "Nitatoka nikungoje stendi. Ukiusema wa baba, nitajua pia."

"Sitausema wa baba."

"Usiniapie. Nitasikia."

Jumamosi ikafika. Zikiwa zimebaki dakika chache filamu iishe, mwenye ukumbi aliingia, akasimama nyuma ya kiti cha chuma na kuweka mkono juu ya egemeo. Hakuwa amegundua lolote. Alitaka tu kuhakikisha kwamba amri yake inafuatwa. Mfasiri aliusikia mkono ule kana kwamba umewekwa shingoni mwake. Aliwaza mambo mengi kwa muda mfupi, na yote yalimhusu yeye mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti laini ya kike, "Baba, nisamehe. Narudi nyumbani."

Kwenye pazia, farasi alikuwa akitimua mbio kuelekea milimani na watu wawili mgongoni.

"Mfasiri, hiyo nyumba iko wapi?" mtazamaji mmoja akauliza. "Mbona anazidi kwenda?"

"Amesahau sufuria motoni," mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko kilichodumu mpaka taa zilipowashwa.

Mfasiri alijituliza kwamba binti angeelewa, kwamba angepata nafasi ya kumweleza. Alipozunguka nyuma, alikuta dirisha la tiketi limefungwa na chini ya kigoda hamna kitu. Kabla ya mwezi kwisha, binti alikuwa mke wa muuza saruji. Mfasiri akaendelea kuwarudisha mabinti wa watu nyumbani, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka ukumbi ulipogeuzwa ghala la magodoro. Hakuoa.

Walionana tena uzeeni, kwenye benchi la kliniki ya macho. Yule binti, sasa bibi, ndiye aliyemtambua kwanza. "Hujambo, Mfasiri," alisema, kisha akamweleza, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mjukuu wake alimwekea ile filamu kwenye televisheni, naye akaijua kwa muziki wake.

"Nimeiona mpaka mwisho," alisema. "Unajua siku ile nilisikia watu wakicheka? Miaka yote nilidhani umewaambia habari zetu, wananicheka mimi. Kumbe walikuwa wakikucheka wewe."

Mfasiri alitazama viatu vyake. "Baba yako alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Nyuma ya yule mchunga ng'ombe walikuwa sita," alijibu, "na bunduki. Niliwahesabu."

Mwuguzi akaita, mjukuu akaja kumshika bibi yake mkono, nao wakaingia chumba cha daktari. Mfasiri alibaki benchini. Zamu yake ilipofika, ikabidi mwuguzi amwite mara tatu.