Saruji Kumi na Nne

Niliajiriwa Juba kuwa karani wa ofisi, lakini kwa kuwa nilikuwa Mkenya na niliweza kuwasha kompyuta bila kumwita mtu, kazi ya tovuti ikaniangukia mimi. Kampuni yetu ilisafirisha mizigo kwa matishari kutoka bandari ya Juba kwenda kaskazini, na ofisi ilikuwa kontena mbili zilizounganishwa ukingoni mwa mto, na feni moja ya kugombania. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa sahihi, mashirika yalikuwa yamefurika mjini, na bosi alisema hakuna shirika litakalompa mzigo mtu asiye na tovuti.

Picha zilikuwa mia nne na kitu. Zote zilipigwa siku moja, maana zama zile hukuthubutu kuinua kamera bandarini bila kibali, na kibali chetu kilikuwa cha siku moja tu. Mpiga picha alitoka Kampala, akapiga kila kilichosimama na kila kilichoelea, akazihamishia kwenye kompyuta yangu, akaifuta kadi yake mbele ya macho yangu ili aitumie kwenye harusi Jumamosi, akarudi kwao.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Silali sufuria zikiwa hazijapangwa kwa ukubwa, na dada yangu hunitania kwamba hata kwenye matanga yangu nitaamka niwapange wageni. Basi zile picha zilikuja na majina ya kamera, herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu, nikazivamia. Nilizigawa kwenye mafolda kufuata mzigo: saruji, mafuta, mahindi, mabati. Kila moja nikaipa jina lake, saruji 01, saruji 02, hadi mwisho. Watu sikuwapa folda. Mteja hatafuti watu, nilijiambia, anataka kujua kama tunabeba saruji.

Kazi ikawa kuzituma. Fundi wa tovuti alikuwa Nairobi, na intaneti yetu ilitoka kwenye dishi lililokuwa juu ya kontena. Picha moja kubwa ilikula saa nzima, halafu jenereta linakohoa, linazima, na unaanza upya. Fundi akaniandikia nizipunguze kabisa, ziwe ndogo kama za tovuti, akanielekeza programu ya kuzipunguza zote kwa mara moja. Programu ikaniuliza: niweke nakala ndogo kando, au niziweke juu ya zile za zamani? Nikafikiri, nikiziweka kando nitakuwa na kila picha mara mbili, na siku moja nitachanganya. Picha moja, jina moja, mahali pamoja. Nikabonyeza juu ya zile za zamani. Ziliondoka zote kabla ya chakula cha mchana, bosi akaninunulia soda, nami nikajiona mtu wa maana.

Mama aliyetupikia chai alikuwa amerudi kutoka Uganda, alikokaa ukimbizini miaka mingi. Mumewe alikuwa baharia kwenye tishari letu kubwa. Tovuti ilipofunguka, mama alikuja na birika mkononi, nikamwonyesha ukurasa wa kwanza. Akacheka alipomwona mumewe, mdogo kama punje ya choroko, amesimama juu ya mifuko ya saruji.

"Sasa dunia yote inaona huyu muzee wangu," alisema.

Safari ya pili baada ya hapo, mzee huyo aliugua homa njiani. Walimshusha mji wa Malakal, akafia huko, na kwa ajili ya joto na umbali wakamzika huko huko. Habari ilitufikia kwa simu ya setilaiti. Bosi akanituma mimi nikamwambie mkewe, eti kwa kuwa mimi ni mwanamke. Hilo sitalisimulia.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini na fremu chini ya kwapa. Ilikuwa kubwa, ya mbao, kioo chake bado kimefungwa gazeti. Padri wa kanisa la Kator alikuwa amekubali misa ya kumwombea marehemu, na kwa kuwa hapakuwa na jeneza, ndugu walitaka picha isimame pale mbele ambapo jeneza lingekaa. Picha zao za zamani zilipotea walipokimbia vita, na kambini hakukuwa na wa kumpiga mtu picha.

"Binti yangu," aliniambia, "ile ya saruji. Weka kwa flashi, mimi napeleka studio."

Nilifungua picha za saruji moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna mahali nilipoandika jina lake. Katika nyingi alikuwa mgongo, au bega, au mkono ulioshika kamba. Katika saruji 14 peke yake ndimo alimotazama kamera. Nikaivuta iwe kubwa. Uso ukawa viraka. Nikaivuta tena, vikawa viraka vikubwa zaidi, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Kwanza nilisingizia kompyuta. Nilimpigia mpiga picha wa Kampala ingawa nilijua atakachosema. Nilimwandikia fundi wa Nairobi, naye akajibu kwamba anazo zile nilizomtumia tu. Nikaandamana na mama hadi studio karibu na kwangu, mtaa wa Hai Mauna. Mwenye studio, Mganda, aliitazama akashusha pumzi.

"Nani aliua hii picha?" akauliza.

Nikamwambia mama ukweli pale pale, kwamba ni mimi. Kwamba zilikuwa kubwa na safi, nikazipunguza zote, na sikubakiza hata moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na ningeshukuru angenikasirikia.

"Si wewe ulimufanya mudogo?" alisema. "Basi mufanye mukubwa tena."

Nilimweleza kwamba haiwezekani. Akaitikia kwa kichwa kama unavyomkubalia mtu mwenye homa. "Malesh," alisema, kwa Kiarabu cha Juba, yaani si kitu. "Kesho unajaribu tena." Na kesho yake akaja na chai, akasimama nyuma yangu, akangoja. Kesho kutwa vilevile. Nilijaribu kila kitufe nilichokijua na nisichokijua. Nililainisha viraka, akawa ukungu. Nikautoa ukungu, viraka vikarudi. Siku ya nne nililia mbele yake kama mtoto, naye akaniwekea sukari ya ziada kwenye kikombe. Hakuuliza tena. Studio wakaichapisha vile vile ilivyokuwa, ya kujaza fremu.

Siku ya misa nilichelewa kwa makusudi, nikakaa benchi la mwisho. Waliopeleka mishumaa mbele waliinama mbele ya fremu, wakakunja nyuso, wakatazamana. Nilijua wanachokiona: miraba ya kahawia na myeusi, kama sakafu ya vigae. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini kule nyuma nilikokuwa, miraba ilikuwa imeshikana. Alikuwepo. Kofia imerudi kisogoni, shavu moja limepanda kwa kicheko.

Katikati ya wimbo, mama akainuka kutoka benchi la wafiwa. Akaja na njia ya katikati, kanisa zima linamwangalia, nikajua anakuja kunisema mbele za watu na nikajua ana haki. Akakaa karibu yangu. Wifi yake akamfuata akiwa ameinama, akamnong'oneza kwamba mwenye msiba hakai nyuma, arudi mahali pake.

"Kule mbele yeye hapana iko," mama alisema. "Kutoka hapa ndiyo mimi naona yeye."

Nikasogea kumpa nafasi. Misa nzima alitazama mbele, na mimi hakuniangalia hata mara moja.